Basi la Wenza

Picha ile ilipigwa Likawage, siku ambayo sikuwa na kazi yoyote ya kufanya kule. Mradi wa maji ulikuwa umekwisha kukabidhiwa, wanakijiji wanachota, na mimi nilikuwa nimerudi ofisini Lindi nikihangaika na mambo mengine. Chama chetu cha wahandisi, tawi letu la huku kusini, kilimtuma mpiga picha na maelekezo yake: apatikane mwanamke, avae kofia ngumu, na nyuma yake lionekane tangi.

Kofia yangu ilikuwa nyeupe, imechubuka, ina doa la rangi ya kuzuia kutu. Mpiga picha aliitazama kama mtu anavyotazama sufuria lenye masizi. Akatoa nyingine kwenye begi lake, mpya, ya rangi ya pinki. Akanipa pia karatasi ya manila iliyoviringishwa.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Ramani, mama."

"Mbona haina kitu?"

"Haitaonekana ndani. Wewe ishike tu kifuani, halafu angalia mbali, kama unaiona kesho."

Upande alionielekeza kulikuwa na choo cha shule na mbuzi wamelala kivulini. Nikawatazama wale mbuzi kwa matumaini makubwa, naye akapiga.

Niseme mimi ni nani, maana kwenye ile picha mtu hawezi kujua. Mimi ni mhandisi wa maji. Nimezaliwa Milola, kwa wakulima wa mikorosho, na nimelelewa na baba aliyeamini kwamba mtoto akishajua hesabu hana haja ya kujua mengine. Kupika najua kidogo, na kidogo hicho hakimfurahishi mtu. Lakini tangu nijiunge na chama, kila mkutano ulipokaribia niliwekwa kwenye kamati ya chakula pamoja na wanawake wengine wachache wa tawi. Mwenyekiti wetu alikuwa akisema, "Hapo akina mama tunawaamini," kana kwamba ametukabidhi funguo za Benki Kuu. Mwaka ambao hatukupewa chakula tulipewa maua. Mwaka ambao hapakuwa na maua nilipewa neno la shukrani, ambalo husomwa watu wakiwa wamekwisha kusimama na wanatafuta viatu vyao chini ya meza.

Na Likawage nilifanya nini? Bomba lilipanda na kushuka vilima kutoka kisimani hadi kwenye tangi, na maji yalikuwa yakifika kama machozi ya mtu asiye na msiba. Wataalamu wawili walishauri inunuliwe pampu kubwa zaidi. Nililifuata lile bomba kwa miguu, kilima kwa kilima, nikaona kwamba pampu haina kosa, ni hewa imenaswa kwenye migongo ya vilima na kuyazuia maji yasipite. Tukafunga vali za kutolea hewa pale juu. Maji yakafika. Hakuna muujiza hapo, ni kitu cha mwaka wa pili chuoni, lakini ilibidi mtu ashuke kwenye gari atembee. Taarifa ya tawi iliandika kwamba tatizo lilitatuliwa na timu chini ya uongozi wa mwenyekiti. Mwenyekiti alifika Likawage mara moja tu, siku ya kukabidhi mradi, akala, akalalamika kwamba kuku ni mgumu.

Ndiye huyohuyo aliyenipigia simu miezi kadhaa baadaye.

"Injinia wetu," akaanza, na nikajua kuna jambo, maana siku za kawaida mimi ni "dada". "Mkutano wa mwaka huu tunaufanyia Kilwa Masoko, na mada kuu ni nafasi ya mwanamke katika uhandisi. Makao makuu wanataka hivyo. Tumekufikiria wewe."

Nikamshukuru. Nikamwambia ningependa kuwasilisha ile kazi ya hewa kwenye bomba, kwa sababu miradi mingi ya huku ina vilima na watu wanazidi kununua pampu kubwa bure.

"Hapana, hapana. Mada za kiufundi zina wenyewe tayari. Wewe tunakuhitaji kwenye jopo, uzungumze kama mwanamke."

"Mwenyekiti, nimekuwa nikizungumza kama nini mpaka sasa?"

Akacheka sana. Ana kicheko cha kukufunga mdomo, anakipasua katikati ya swali lako, na kikiisha, swali limekwisha nacho. Kwenye jopo kungekuwa na wanaume wanne na mimi. Wanaume wale wangezungumzia nafasi ya mwanamke kwa dakika ishirini kila mmoja. Mimi nilipewa neno fupi.

Nilikwenda. Watu huniuliza kwa nini nilikwenda, na jibu langu ni kwamba chama ni changu pia, nalipa ada kama wao.

Langoni mwa ukumbi kule Masoko nilijikuta nikijitazama mwenyewe. Bango lilikuwa refu kuliko lango, kofia ya pinki, karatasi kifuani, macho kwa mbuzi. Chini yake waliandika maneno ya kuhusu mwanamke na mustakabali. Nilipita chini ya kidevu changu nikaenda kwenye meza ya kujiandikisha, ambako dada mmoja aliyevaa ushungi wa kijani alikuwa akigawa beji.

"Karibu, mama. Wenza ni upande wa kushoto."

"Mimi si mwenza. Ni mhandisi."

Akatafuta kwenye beji zake, kwa heshima, akarudia mara mbili. "Jina lako haliko hapa, mama. Hebu subiri." Akainuka akaenda meza ya kushoto, akarudi na beji yangu. Jina lilikuwa sahihi kabisa, herufi zote. Juu yake pameandikwa MWENZA.

"Mume wako ameshaingia?" akauliza.

"Sina mume hapa."

"Labda bado yuko njiani," akasema kwa upole wa kunifariji.

Sikumlaumu yeye. Katibu wa tawi alikuwa akipita karibu, kijiko cha supu bado mkononi, nikamwita na kumwonyesha beji. Huyu ni mtu tuliyekaa naye vikao vingi, anayelijua jina langu na la mama yangu. Alitazama beji, akatazama foleni iliyokuwa nyuma yangu.

"Aa, hiyo. Tuliwaweka majina yote ya kike pamoja ili iwe rahisi kwa mikoba. Injinia, nenda tu huko kwa sasa, tusizuie watu. Tutarekebisha."

"Niende kushoto?"

"Nenda, nenda. Mambo madogo hayo."

Ningeweza kugomba. Nimegomba mara nyingi maishani, na najua inavyokwenda: ukigomba unaitwa mkali, na mkali hapewi hata maua. Lakini asubuhi ile nilijisikia mwepesi ajabu. Katibu wa chama cha wahandisi, mbele ya bango langu lenye urefu wa ghorofa, ameniagiza niende kushoto. Nikaona nimtii. Nikaenda kushoto, nikapokea mkoba wenye khanga, chupa ya maji na kofia ya ukili, nikapanda Koasta iliyokuwa ikiunguruma tayari. Programu ya wenza ilikuwa kutembelea Kilwa Kivinje.

Ndani ya basi walikuwa wake za wahandisi, wengi wao tunafahamiana kwa kuamkiana tu. Mume wa mhandisi mwenzetu mmoja wa umeme alikuwa amealikwa pia kama mwenza, lakini yeye alipofika mezani alielekezwa kulia, akapewa beji ya mhandisi na akakaa mstari wa mbele siku nzima. Anauza simenti.

Kiti kilichobaki kilikuwa karibu na mke wa mwenyekiti. Nilimjua kwa sura: mwanamke mtulivu, mkubwa kwangu kidogo, ambaye kwenye hafla zetu hukaa kando akiwa na mkoba wa mumewe mapajani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kifuani.

"Mbona wamekuandika mwenza? Wewe si ndiye uliyeko pale langoni?"

Nikamweleza. Hakucheka. Akageuza uso dirishani mpaka tulipopita mashamba ya minazi, ndipo aliposema, "Na mimi waliniandika hivyo hivyo, ila mimi nilizoea."

Kivinje walitutembeza kwenye majengo ya zamani karibu na soko la samaki. Mwenyeji wetu alitupa historia ya watawala, nani alijenga, nani alinyongwa. Wenzetu walipiga picha. Mke wa mwenyekiti alisimama mbele ya ukuta mmoja uliopasuka kutoka kona ya dirisha hadi chini, akaufuata ule ufa kwa kidole bila kuugusa.

"Msingi umezama upande huu," akasema. "Maji ya mvua yanaingia hapo kwenye kona. Wangechimba mfereji tu."

Nikamuuliza amejuaje.

"Nimesoma ujenzi. Darasa moja na baba watoto. Yeye alikuwa akikaa nyuma yangu kwenye mtihani, na hakukaa pale kwa bahati mbaya." Alisema hivyo bila chuki, kama anayesema bei ya nyanya. "Nilikuwa mwanachama pia, mwanzoni. Halafu tukaoana, akasema nyumba moja mhandisi mmoja anatosha. Watoto walikuwa wadogo. Nikaona sawa."

"Na ukaona sawa mpaka leo?"

Akauacha ule ukuta. Tukaenda tukakaa kwenye baraza ya duka lililofungwa, tukanywa yale maji ya wenza. Akafunga chupa yake, akasema, "Hotuba anayoisoma leo nimeiandika mimi."

"Hotuba ipi?"

"Ya ufunguzi. Ya nafasi ya mwanamke. Niliiandika Jumapili, yeye yuko kwenye mpira. Akaniambia, niwekee na methali."

"Ukamwekea?"

"Mbili."

Sasa hapo nilicheka, nikacheka mpaka mwenye duka la jirani akatoka kutazama. Naye akaanza kucheka, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu ambacho hajakivaa miaka mingi. Masoko kule, wakati huohuo, mwanamume alikuwa akisoma hotuba ya mwanamke kuhusu wanawake, chini ya picha ya mwanamke, na wanawake wenyewe wote wawili wako Kivinje wamepewa kofia za ukili.

Simu yangu ikaita. Katibu.

"Injinia, uko wapi? Jopo linaanza, mgeni rasmi ameshakaa."

"Niko Kivinje."

"Kivinje unafanya nini?"

"Programu ya wenza. Si uliniambia niende?"

Nilisikia kipaza sauti kikipigwapigwa nyuma yake. "Unaweza kurudi sasa hivi?"

"Basi ni la wote, na bado hatujaenda kuona mikeka."

"Basi sawa," akasema. "Tutaliweka vizuri." Sikuona jambo lenyewe la kuwekwa vizuri, lakini watu wa vikao hawakosi kufunika kombe ili mwanaharamu apite.

Tuliporudi ilikuwa saa ya chakula. Kwenye mlango wa ukumbi nilipokewa na mhandisi mmoja wa majengo, mtu mzima, mwenye tai, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Hongera sana. Umezungumza vizuri mno."

"Lini?"

"Si sasa hivi, kwenye jopo."

"Nilisema nini?"

Akafikiri kidogo. "Kwamba mwanamke akiwezeshwa, anaweza."

Baadaye nilielezwa ilivyokuwa. Mwanajopo mmoja, anayeuza mabomba, alisimama akasema atatoa neno fupi kwa niaba yangu kwa kuwa nimepatwa na majukumu ya kifamilia. Akalitoa. Watu wakapiga makofi, na kwenye vichwa vyao makofi hayo yakaambatana na lile bango, wakaamini wameniona. Hiyo ndiyo akili iliyokabidhiwa madaraja yetu. Na maneno yenyewe, ya kuwezeshwa, mimi siwezi kuyasema hata nikiwa na homa. Anayewezeshwa ni mtu aliyeketi. Mimi nilikuwa nikitembea tangu Milola.

Mchana zikatolewa tuzo. Tuzo ya mradi bora ilikwenda Likawage. Mwenyekiti akaitwa, akapanda jukwaani, akapokea kioo kilichochongwa, akasema si yeye, ni timu, akakikumbatia kile kioo kama mtoto. Kisha mshereheshaji akalegeza sauti, wakaweka muziki wa taratibu, akasema sasa ni wakati wa kumtambua mama yetu. Nikaitwa. Nilipewa seti ya hotipoti, tatu, za maua, kubwa imebeba ndogo.

Wakanipa na kipaza sauti, kwa kosa la mazoea, wakidhani ni neno la shukrani.

Nilitazama ukumbini. Mke wa mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango. Nilikuwa na la kusema kuhusu ile hotuba, lilikuwa limefika kwenye ulimi. Yeye akalijua, akatikisa kichwa kidogo sana. Ilikuwa siri yake, si silaha yangu. Nikaimeza.

"Ndugu zangu," nikasema, "mimi asubuhi sikuwapo hapa. Nilikuwa Kivinje, kwenye basi la wenza, kwa maelekezo ya katibu. Sina familia iliyopatwa na jambo. Aliyezungumza kwa niaba yangu ndiye aliyefanya kazi, kwa hiyo zawadi ni yake." Nikashuka, nikaenda kwenye meza ya wanajopo, nikaziweka hotipoti mbele ya yule muuza mabomba, moja baada ya nyingine, na vifuniko vyake. "Na ile kazi ya Likawage, atakayetaka kujua ilifanywaje, nipo. Itachukua nusu saa."

Ningependa kusema ukumbi ulinyamaza kwa aibu. Haukunyamaza. Mwenyekiti alikipasua kile kicheko chake, akasema kwenye kipaza sauti, "Injinia wetu anapenda utani," na wote wakacheka, wamefarijika, na muuza mabomba akainua hotipoti ndogo juu ili apigwe picha. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza habari za nusu saa yangu. Wiki iliyofuata dereva wa tawi aliniletea zile hotipoti ofisini Lindi, pamoja na cheti cha kunishukuru kwa uwasilishaji mahiri. Hotipoti nilimpa mlinzi. Cheti nilikirudisha kwa dereva huyohuyo, akanisikitikia.

Mke wa mwenyekiti alinipigia simu muda mfupi baada ya hapo. Hakuwa na salamu nyingi.

"Nataka kurudi kwenye chama. Wanataka wadhamini wawili."

"Mmoja mimi. Na mumeo si mhandisi mwandamizi?"

"Nimemuuliza. Amesema watu watasema anapendelea."

Mtu huyo alikuwa amemwingiza mpwa wake, shemeji yake na fundi aliyemjengea uzio. Nilimwambia hivyo mkewe, akasema anajua, ndiye aliyewajazia maombi yao. Mdhamini wa pili tulimfuata Mingoyo, mzee mmoja, mhandisi mstaafu wa barabara, ambaye sasa analima ufuta na hana wa kumwogopa. Alikuwa amemfundisha yule mama kazi za vitendo zamani. Alipomwona alisaini kwanza, ndipo akauliza, "Ulikuwa wapi wewe?" Mwenzangu akasema, "Nyumbani, mzee." Mzee akasema, "Hasara," akatuletea maji ya kunywa.

Uchaguzi wa tawi ulifanyika Lindi mwaka uliofuata. Waliniandalia dawati la wanawake, bila mpinzani, na kiti chenye kitambaa. Nikakataa, nikagombea uenyekiti wa kamati ya ufundi, ambayo haijawahi kuwa na mwanamke tangu tawi lianzishwe. Palizuka minong'ono. Mmoja aliuliza mbele ya watu kama safari za kamati hazitanichosha. Nilimuuliza yeye ni lini mara ya mwisho ameshuka kwenye gari. Kwa bahati njema wanaume wawili waliutaka uenyekiti ule kwa uchu uleule, wakagawana kura, na mimi nikapita katikati yao. Mwenyekiti alipotangaza alisema, "Safari hii tumeona tuwape akina mama nafasi." Nikainua mkono nikasema sikupewa, nimepigiwa kura, na kwenye kumbukumbu za kikao iandikwe hivyo. Katibu akaandika huku akihema.

Kikao changu cha kwanza cha ufundi niliwasilisha hewa kwenye mabomba. Walikuja watu wachache, nusu yao kwa sababu ukumbi una feni. Mwenyekiti alikaa mstari wa mbele, akasinzia kabla sijafika kilima cha pili. Mke wake alikaa mstari uleule, beji yake imeandikwa MHANDISI kama ya mumewe, hana mkoba wa mtu mapajani. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akauliza nini kinatokea kwenye zile vali pampu ikizimika ghafla na maji yakarudi nyuma, na kama nimepima.

Sikuwa nimepima. Nikamwambia hivyo. Akainuka akaja ubaoni, akachukua chaki, akaanza kuchora, na mimi nikampinga, naye akanipinga, wakati mumewe anakoroma na wengine wanachungulia nje kama chai imefika.